Kutengeneza Katambuga kwa Tairi Chakavu

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini dhiki ilidumu kupita miezi hiyo, na viatu vya dukani vilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoadimika. Wakati huo katambuga, yaani viatu vya wazi vinavyokatwa kwenye tairi, zilikuwa vazi la miguu la watu wengi, na hadi leo wafugaji wa Monduli na Longido wanaoingia mjini Arusha huzivaa, kwa kuwa miiba ya migunga haipenyi soli yake kwa urahisi. Wanaozicheka hawajaona jinsi zilivyobuniwa: tairi limekwisha kupindwa kiwandani, na kazi ya fundi ni kuulaza mguu ndani ya pindo hilo.

Uchaguzi wa tairi ndio sehemu inayotaka umakini kuliko zote. Tafuta tairi la nyuzi, si la waya, kwa sababu waya wa chuma huua makali ya kisu, hushika kutu na baadaye huchomoza na kumchoma mvaaji. Matairi mengi ya magari madogo ya siku hizi yana waya chini ya kashata, yaani ule uso wa tairi wenye meno unaokanyaga barabara. Pitisha sumaku juu yake, na ikinasa, liache. Angalia pia ukubwa, kwani tairi dogo lina pindo kali linalouinua mno mguu mrefu mbele na nyuma, ilhali la lori limepinda taratibu na huwafaa watu wazima. Tairi lililokaribia kuwa kipara hukatika kwa urahisi na ni jepesi mguuni, ila lisiwe limepasuka kwa jua.

Kanyaga karatasi ngumu, chora mguu, ongeza sentimita moja kuuzunguka, kisha ukate kielelezo. Kilaze upande wa ndani wa tairi, urefu wake ukifuata mzunguko wa tairi, ili vidole na kisigino viinuke kidogo. Baada ya kuchora soli ya kwanza, kigeuze kielelezo kabla ya kuchora ya pili. Mimi nilisahau kukigeuza, nikabaki na soli mbili za mguu wa kushoto, nzuri kabisa na zisizo na mwenyewe.

Kata kwa kisu kikali kilichochovywa katika maji ya sabuni, ukipita mstari uleule mara kadhaa badala ya kukandamiza kwa nguvu, na mwenzako akiupanua mkato ili mpira usikibane kisu. Daima kisu kielekee mbali na mwili. Soli ikiwa nene mno, chana tabaka moja la nyuzi na ulivute kwa koleo.

Kanda hutokana na mpira wa ndani wa lori, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 3 hivi. Mbili zipishane juu ya mguu na moja ipite nyuma ya kisigino. Pasua ukingo wa soli kwa ncha ya kisu kwa kina cha sentimita 2, sukuma mwisho wa ukanda ndani ya mpasuo huo, kisha uvae kiatu na kuukaza kabla ya kupigilia chochote. Fundi anayepigilia kwa makadirio atang'oa misumari yake mwenyewe. Misumari ipigwe kutoka chini, mitatu kwa kila mwisho, nayo iwe mifupi kuliko unene wa soli. Pitisha kiganja juu ya soli nzima, na ukihisi ncha hata kidogo, ng'oa msumari huo na utafute mfupi zaidi.

Kanda mpya hubana siku za mwanzo, kwa hiyo usizilegeze upesi, maana mpira utanyooka wenyewe. Mabaki ya ubavu wa tairi yawekwe, kwani vipande viwili vikipigiliwa misumari hutosha kuwa bawaba za mlango wa banda la kuku.