Kipandauso kinachokataa dawa: kukithibitisha na kukipa msimbo

Neno "sugu" ndilo linaloponza wengi. Hubeba maana mbili: maumivu ya muda mrefu, na maumivu yasiyosikia dawa. Katika ICD-10-CM, orodha ya Marekani ya misimbo ya magonjwa, kila moja ina nafasi yake, na mgonjwa anaweza kuwa na hili bila lile.

1. Hesabu siku. Dai shajara ya miezi 3. Kipandauso ni cha muda mrefu kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa na sura ya kipandauso. Zihesabiwe siku, si mashambulizi; shambulio moja laweza kula siku 3.

2. Hesabu vidonge. Triptani (dawa za kutuliza shambulio la kipandauso) siku 10 kwa mwezi, au parasetamoli siku 15, zikiendelea zaidi ya miezi 3, zinaweza zenyewe kuleta maumivu. Daktari akithibitisha hilo, ongeza G44.4- (maumivu ya kichwa yaletwayo na dawa; kistari huonyesha kuwa tarakimu zaidi hufuata) pamoja na msimbo unaoanza na T wa madhara ya dawa husika.

3. Andika historia ya dawa za kinga. Kila dawa na dozi ya juu aliyofikia, idadi ya wiki, na sababu ya kuacha. Hapa ndipo mafaili mengi hudondoka. Topirameti, mojawapo ya dawa hizo, ya miligramu 25 kwa wiki 2 si jaribio. Kwa kawaida hulengwa miligramu 100 kwa siku, kwa wiki 8 au zaidi. Tena "haikumfaa" si sawa na "hakuivumilia".

4. Pata tamko la daktari. Mwongozo wa ICD-10-CM hukubali kauli kama "hakisikii matibabu" au hata "hakijadhibitiwa vizuri". "Ameshatumia dawa nyingi" haitoshi. Mweka misimbo hakisii kutokana na orodha ya dawa. Humwuliza daktari kwa maandishi, bila kumtilia jibu mdomoni.

5. Jenga msimbo. G43.719: G43 ni kipandauso, 7 ni cha muda mrefu bila aura (dalili za muda, kama kuona mimweko, zinazoandamana na shambulio), 1 ni kukataa dawa, 9 ni kutokuwepo kwa shambulio lililopita saa 72. Likiwepo, na daktari amelitaja, inakuwa G43.711. Cha muda mrefu chenye aura hakikai G43.1- (kipandauso chenye aura), tangu Oktoba 2023 kina G43.E-, kwa mfano G43.E19.