Somo: Kutega antena ya king'amuzi bila fundi (soma yote ndipo uulize)

Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena faragha nitamrudisha hapa. Ni kwa king'amuzi cha antena. Wenye dishi hili haliwahusu.

1. Jua mnara wa kurushia matangazo uko upande gani. Hujui? Tazama antena za majirani zinaelekea wapi.

2. Weka antena nje, juu ya paa, mbali na miti. Bati linarudisha mawimbi, majani mabichi yanayanyonya. Usipande kukiwa na dalili ya radi, na kaa mbali na nyaya za umeme.

3. Upande wa vijiti vifupi ndio unaotazama mnara. Virefu, au ile sehemu ya wavu, vinakaa nyuma.

4. Vijiti vilale au visimame? Fuata majirani. Ukikosea hapa unapoteza sehemu kubwa ya mawimbi.

5. Waya. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Chukua waya wa koaksia wa omu 75. Chomoa king'amuzi kwenye umeme kwanza. Menya ganda la nje, kunja nyuzi za wavu kwa nyuma, menya plastiki ya ndani, acha shaba itokeze kidogo kwenye kichwa cha waya. Kisha mulika kwa tochi: uzi mmoja wa wavu ukigusa shaba, hiyo ni shoti. Mawimbi yanaishia hapo, na kama king'amuzi kinapeleka volti 5 kwenye busta (kifaa cha kukuza mawimbi), unaweza kukiua. Usiunge waya kwa kusokota na kuzungushia tepu. Mahali unapoingia ndani, uache uning'inie kama kitanzi ili maji ya mvua yadondoke hapo, yasiufuate hadi sebuleni.

6. Kwenye menyu kuna mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Fuata wa ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, unapokea makelele, yaani mawimbi ya ovyo. Geuza antena kidogo, subiri sekunde chache, geuza tena. Mmoja juu ya paa, mwingine kwenye TV.

7. Tafuta chaneli upya. Basi.

MASWALI

Chuma_Tabata: Nimefuata zote haishiki, nifanyeje?
— Uko wapi? Antena iko ndani au nje? Ubora unasoma ngapi? Bila hayo napiga ramli.

Chuma_Tabata: Iko ndani, nyuma ya TV.
— Namba 2.

Mama Nuru: Nimeuziwa antena ya 4K, itang'arisha picha?
— Hapana, dada. Antena inapokea mawimbi tu, picha inatengenezwa na king'amuzi na TV. Hayo maandishi ni ya kukuuzia.

Binti_Pwani: Samahani mwalimu, kwa nini mvua kubwa inakata dishi la jirani lakini antena yetu inaendelea?
— Swali zuri. Gawanya 300 kwa megahezi (kipimo cha masafa ya matangazo), unapata urefu wa wimbi kwa mita. TV ya antena kwenye megahezi 500 ni sentimita 60, matone hayalisumbui. Dishi linapokea karibu na megahezi 12,000, wimbi la sentimita 2.5, na matone yanalinyonya na kulitawanya. Pima vijiti vya antena yenu: vingi vinakaribia nusu ya wimbi. Redio ya FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3, ndiyo maana antena yake ni ndefu.

Kaka_Mbezi: Nimeongeza busta, picha inaganda zaidi. Somo lako halifanyi kazi.
— Nimekuambia wapi uongeze busta? Ukiwa karibu na mnara inazidisha mawimbi hadi king'amuzi kinachanganyikiwa. Ukiwa mbali na mnara, na antena imetegwa vibaya, inakuza na makelele. Itoe, rudi namba 6.

Binti_Pwani: Na tukitaka TV mbili?
— Kila TV na king'amuzi chake, na kigawanyio cha waya kinachofaa masafa ya TV. Kila tundu linapata chini ya nusu ya nguvu, kwa hiyo tega antena vizuri kwanza. Mkiwa na busta, tundu moja lazima lipitishe umeme. Kwa kawaida limewekewa alama.