Kabla Mwanao wa IEP Hajavaa Joho

Mwanangu ana usonji, na shuleni alikuwa na IEP, yaani mpango maalumu wa masomo wa mtoto mwenye ulemavu. Alimaliza sekondari hapa Marekani mwezi Juni akiwa na miaka 18, akavaa joho la bluu, tukapiga picha nikazirusha kwenye grupu la ukoo. Shangazi zake wakajaza vigelegele: "Kijana kapata diploma!" Kwetu diploma ni stashahada ya chuo. Huku ni cheti cha kumaliza sekondari, basi.

Shule zilipofunguliwa alijiandaa mwenyewe, begi mgongoni, akasimama dirishani kungoja basi la njano. Likapita. Saa nne asubuhi bado alikuwa pale, hajavua begi.

Mtego wenyewe ni huu. Sheria ya elimu maalumu, IDEA, inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusomeshwa bure hadi miaka 21 au 22 kutegemea jimbo, na Michigan wanakwenda hadi 26. Haki hiyo hukatika siku anapopewa diploma ya kawaida. Miaka iliyobaki angefundishwa kupanda basi la mji, kushika pesa, kufanya kazi huku kuna mtu pembeni wa kumwelekeza, yote kwa gharama ya shule. Sisi tuliibadilisha kwa picha. Cheti cha kukamilisha au cha kuhudhuria hakikatishi haki. Diploma ya kawaida ndiyo inayokata. Shule nyingi humruhusu mtoto kuandamana na wenzake siku ya sherehe bila kukabidhiwa diploma, lakini uombe wewe, tena mapema.

Nilinasaje? Kwa kiburi. Kwenye kikao cha IEP waliniuliza kama nahitaji mkalimani, nikajibu Kiingereza nakijua. Cha kazini nakijua kweli. Cha pale mezani kilikuwa kingine. Tarehe ya kuhitimu ilikuwa imeandikwa, nami nikaitikia kwa kichwa. Barua ya taarifa nayo ilikuja, maana kisheria kuhitimu ni badiliko ambalo shule lazima ikuarifu kwa maandishi. Niliibandika kwenye friji kama kadi ya mwaliko wa harusi. Kumbe ndiyo ilikuwa nafasi yetu ya kupinga. Ukifungua malalamiko rasmi kabla ya siku ya kuhitimu, kwa kawaida mtoto hubaki shuleni hadi shauri liishe. Baada ya hapo, umechelewa.

Kuomba mkalimani si aibu. Ni haki yako, na hulipi hata senti.

Kitu kingine: katika majimbo mengi, mtoto akitimiza miaka 18 haki za kuamua zinahamia kwake. Wangu alitimiza Machi, kwa hiyo kikao cha mwisho sahihi ilikuwa yake, nami mama mzazi nimekaa kama mgeni mwalikwa. Wamarekani wako hivyo. Jana walikuwa wanataka sahihi yako hata mtoto akienda kutazama wanyama, leo wanakwambia ni mtu mzima. Hawakudanganyi, na tabasamu wanalo, ila usichouliza hawakwambii. Shule inapaswa kuwakumbusha haki hizi mwaka mmoja kabla. Katika mwaka huo amueni: hati ya uwakilishi, au ulezi wa mahakamani ikibidi kweli, maana ulezi unamnyang'anya mtoto mengi.

Mengine ni ya kawaida. Mpango wa maisha baada ya shule lazima uwe ndani ya IEP anapofika miaka 16, majimbo mengine mapema zaidi. Jiandikishe VR, ofisi ya jimbo ya ajira kwa wenye ulemavu, akiwa bado shuleni. Ingia foleni ya huduma za watu wazima za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wenye ulemavu, leo. Inaweza kuchukua miaka. IEP haiendi chuoni.

SSI, malipo ya serikali ya kila mwezi kwa wenye ulemavu wenye kipato kidogo: akifika 18 kipato cha wazazi hakihesabiwi tena, kwa hiyo aliyekataliwa utotoni aombe upya. Wenye grinikadi wana masharti yao, ulizeni kabla ya kujaza fomu. Sasa ndugu zangu wa nyumbani, nawapenda, lakini nisikilizeni. Mjomba, usimwekee kijana dola elfu tatu kwenye akaunti yake; akiba ikipita dola 2,000 malipo yanasimama. Kuna akaunti ya ABLE, ya akiba ya mwenye ulemavu, kwa ajili hiyo. Na mnaosema "mlete akae na bibi miezi mitatu atachangamka": akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, SSI inakatwa, na akirudi anangoja siku 30 nyingine. Bibi atamwona, ila kwa wiki tatu.

Mwanangu sasa anafanya kazi siku tatu kwa wiki kupitia VR. Foleni ya Medicaid bado tumo. Mdogo wake naye ana IEP na ana miaka 15; kikao chake ni Oktoba. Mkalimani nimeshamwomba.