Kushuka korongo jembamba lenye maji ya baridi na marafiki: mazoezi yanaanzia Goma

Kila mwezi wa saba, ndugu na marafiki wanaoishi Utah, Marekani, wanaporudi Goma kusalimia familia, swali huwa lilelile: "Yaya, tuliona picha zako za yale makorongo. Utatushusha lini?" Watu wa kwetu Kivu wako wengi Salt Lake City, na kutoka pale hadi hifadhi ya Zion ni mwendo wa saa nne hadi tano kwa gari. Nilikaa huko miaka kadhaa, nikajifunza kamba, nikashuka mara nyingi. Sasa niko nyumbani, mtaa wa Himbi hapa Goma, na wanaokuja likizo nawafundisha hapahapa kabla hawajarudi. Mpangilio ninaoufuata ni huu.

Kwanza ujue unakokwenda. Korongo la aina hii ni ufa katika mwamba wa mchanga. Kuna mahali unagusa kuta zote mbili kwa viwiko. Mafuriko ndiyo yaliyolichonga, na kila yakipita huacha madimbwi ambayo jua haliyafikii. Huko juu jangwani, mwezi wa sita, joto linaweza kufika nyuzi 38. Chini ukiingia majini pumzi inakatika. Wageni wengi huogopa urefu. Mimi naogopa baridi. Kamba itakushika hata ukiwa na hofu, lakini baridi inakunyang'anya vidole, na asiye na vidole hafungi wala hafungui kitu.

Hatua ya 1: ndoo ya barafu

Ndiyo maana hatuanzi na kamba. Nunua vifuko vya barafu kwa mama yeyote wa mtaani mwenye friji, vitie kwenye ndoo ya maji, kisha uzamishe mikono hadi karibu na viwiko kwa dakika 5. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha asifanye zoezi hili, na korongoni pia asiende.

Dakika ya pili maumivu yanaingia mpaka kwenye mifupa. Kufika ya nne yanapungua, na wengi hutabasamu wakidhani wamezoea. Toa mikono, usiikaushe, chukua karabina, ile pete ya chuma ya kuunganishia kamba, yenye skrubu, uifunge. Utaona kidole gumba kinateleza juu ya skrubu kama si chako. Kamba iko mkononi, unaiona, lakini huihisi. Sasa ipitishe kwenye kishushio cha umbo la nane, kifaa kinachoibana kamba ili ushuke polepole, kisha funga fundo la nane mwishoni mwa kamba. Kazi inayokuchukua sekunde 15 ukiwa na mikono mikavu itakuchukua dakika nzima, na mara ya kwanza utaikosea.

Rudia siku tatu au nne. Baridi yenyewe haizoeleki sana kwa muda huo mfupi. Tunachojenga ni tabia ya kuyapa macho kazi ya vidole. Tazama skrubu, igeuze, itazame tena, sema kwa sauti: "Imefungwa." Mwenzako naye aitazame, aitikie.

Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyetafiti miili ya watu ndani ya maji ya barafu, ana hesabu rahisi kukumbuka: dakika 1 ya kuidhibiti pumzi yako, dakika 10 za mikono na miguu kufanya kazi ya maana, saa 1 kabla hujapoteza fahamu. Maji ya korongo si barafu kamili, na utakuwa umevaa suti ya kuzuia baridi. Lakini mfuatano ndio huohuo: pumzi, mikono, kisha akili.

Hatua ya 2: ziwani

Maji ya Ziwa Kivu yana joto la nyuzi 24 hivi, kwa hiyo baridi hutajifunzia hapo. Utajifunza kuogelea na nguo, viatu na mzigo. Weka ndani ya begi bidoni mbili ndogo tupu, zifunge vizuri, begi litaelea. Lala chali juu yake, piga miguu. Asiyefika mita 100 namna hiyo bila kuhangaika namwambia angoje mwaka mwingine, hata akiwa ndugu yangu wa damu.

Hatua ya 3: machimboni

Tunatumia ukuta wa mawe ya volkano wa mita 6 hivi. Mawe yetu yanakata kamba kama kisu, basi weka kipande cha tairi kuukuu pale kamba inapokunja. Huko Utah mwamba ni laini zaidi, ila mchanga wake unaila kamba polepole, na ukiloa mwamba wenyewe unadhoofika. Usiamini jiwe lililolowa.

Jambo la kushika hapa ni urefu wa kamba. Ukishuka ukutani pakavu, kamba ikizidi chini haina neno. Ukishukia ndani ya dimbwi, kamba iliyozidi ni mtego. Nilijifunza hili vibaya. Niliacha mita 3 za ziada zikielea, mdogo wangu akafika majini, kamba ikamzunguka mguu, na kishushio kikakataa kufunguka kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mimi niko juu, nasikia maji yakipigwapigwa tu. Rafiki aliyemtangulia ndiye aliyemshika kichwa kisizame mpaka akajinasua. Tangu siku ile kamba yangu inaishia pale maji yanapoanzia. Unashuka, unaingia majini, ncha inapita yenyewe kwenye kishushio, na wewe unaelea ukiwa huru. Ili hilo liwezekane, wa kwanza kushuka awe mzoefu, na aliye juu afunge kamba kwa namna inayomruhusu kuiongeza kidogo ikipungua.

Pia zoezeni filimbi, maana kwenye mikunjo ya korongo maneno yanapotea. Sisi tunapiga mara moja kwa "simama" na mara mbili kwa "kamba iko huru."

Hatua ya 4: mavazi na idadi ya watu

Maji yanapitisha joto kuliko hewa, kama mara 25, basi yanauondolea mwili joto haraka. Kwa hiyo vaa suti ya neoprini, mpira laini unaotunza joto, ya milimita 4 au 5, soksi na glavu za neoprini, na kofia nyembamba chini ya helmeti. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani. Springdale, mji mdogo ulio mlangoni mwa Zion, una maduka yanayokodisha haya yote. Nguo kavu, chakula na kiberiti viweke kwenye bidoni ya mdomo mpana isiyoingiza maji.

Kwenye kundi mimi napendelea watu 4. Mtu mmoja akitumia dakika 4 kwenye kamba, watu 8 ni dakika 32, na aliyeshuka kwanza anasubiri kivulini akiwa ameloa. Watu 4 ni dakika 16. Najua kwetu ni vigumu kumwambia binamu abaki. Gawaneni makundi mawili, kila moja na mzoefu wake.

Hatua ya 5: anga, na anga ya mbali

Sisi wa Goma tunajua mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Bonde limetulia asubuhi, hakuna harufu wala rangi, na mbuzi aliyeteremka kula majani hainuki tena. Mafuriko ya korongo nayo hayakuonyeshi dalili pale ulipo. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walifariki katika korongo la Lower Antelope, Arizona. Mvua iliyowaua ilinyesha mbali, juu ya vichwa vyao haikuwepo ya maana. Tarehe 14 Septemba 2015, watu 7 wa kundi moja walifia katika korongo la Keyhole, Zion.

Msimu wa ngurumo huko huanza katikati ya mwezi wa saba hadi mwezi wa tisa. Mimi nachagua mwezi wa sita. Zion hairuhusu kuingia makorongo ya kamba bila kibali, na Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani hutoa kila siku makadirio ya hatari ya mafuriko kwa hifadhi za kusini mwa Utah. Yasome asubuhi ileile. Yakisema mafuriko yanawezekana, tunapika chai na kubaki kambini, hata kama tumetoka mbali kiasi gani.

Hatua ya 6: ndani

Ingieni asubuhi. Msiruke ndani ya dimbwi hata kama mwaka jana lilikuwa na kina, maana mafuriko mamoja yanatosha kulijaza mchanga au kuliwekea gogo. Kagua utepe ulioachwa na waliotangulia kwenye nanga, yaani pale kamba inapofungiwa. Ukiwa umefifia au mgumu, funga wako mpya.

Kabla wa mwisho hajashuka, aliye chini avute kamba kidogo aone kama inatembea. Mkishaivuta yote, mlango wa nyuma umefungwa, hakuna kurudi. Basi kabla ya kuivuta hesabuni watu na muulizane hali zenu mkiwa bado na njia.

Kuna mashimo yenye kuta laini ambayo ukiingia hutoki peke yako. Mwenye mabega asimame, mwepesi apande juu yake. Ikishindikana, jaza mchanga kwenye mfuko uliofungwa kamba, urushe upande wa pili, na uzito wake utamshikilia wa kwanza kupanda.

Muda wote tazamaneni. Anayeanza kuangusha vitu, kujikwaa au kumumunya maneno tayari baridi imemfika. Mwambie agusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule. Akishindwa, msimamishe mahali pakavu, mlishe kitu chenye sukari, mkumbatieni, na kamba yake ifungwe na mwingine. Aliyeacha kutetemeka huku bado ana baridi ndiye wa kuogopewa zaidi. Asisuguliwe wala asitembezwe kwa nguvu. Abaki amelala, akaushwe, afunikwe, na msaada uitwe.

Hatua ya 7: mkitoka

Vueni suti juani, vaeni nguo kavu kabla ya picha. Chai ya tangawizi yenye sukari nyingi naibeba kwenye chupa ndani ya gari. Jioni osha kamba kwa maji masafi mpaka mchanga uishe, ianike kivulini, kisha ipitishe yote mkononi, polepole, vidole vikiwa na joto. Ukikuta sehemu laini kuliko nyingine, kata pale.