Somo: Kushona zulia la duara kwa kamba na mabaki ya vitenge

Jirani wa fundi cherehani hapa Dar es Salaam anajua ni vipande vingapi vya kitenge na khanga hufagiliwa kila jioni. Vipande hivyo, vikizungushwa juu ya kamba ya pamba, hutoa zulia la mlangoni linalodumu. Kazi yenyewe haiko mbali na ile ya mkeka wa ukindu, ambao ukili wake husukwa kwanza, kisha ukashonwa ukingo kwa ukingo.

Tafuta kamba ya pamba yenye unene wa milimita 6, uzi imara wa polista, sindano namba 16 na cherehani yenye mshono wa zigizaga. Kamba ya nailoni naomba muiache, kwa kuwa huteleza ndani ya kitambaa na huyeyuka chini ya pasi ya moto. Kamba na vitambaa vyote vilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwani pamba hurudi ikifuliwa, na kitenge kipya huweza kuchuja rangi.

Pimeni kabla ya kwenda Kariakoo. Kamba iliyokwisha kuvishwa ikiwa na upana wa milimita 8, zulia lenye kipenyo cha sentimita 60 litahitaji takriban mita 35, ilhali kitandiko cha sentimita 30 kitatosheka na mita 9. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, kamba huongezeka mara nne.

Kata vitambaa upana wa sentimita 3, uvizungushe kwa mshazari juu ya kamba, kila mzunguko ukifunika kidogo ule uliotangulia. Kipande kipya kianzie chini ya ncha ya kile kinachoisha. Usivishe kamba yote kwa mara moja. Mita moja mbele ya sindano inatosha.

Kunja ncha ya kamba kama konokono, ushone msalaba juu yake ili isifunguke. Kisha endelea kwa zigizaga pana, sindano ikichoma kamba ya ndani na ya nje kwa zamu, huku duara likikaa kushoto kwa sindano, kwa sababu upande wa kulia nafasi ni finyu.

Hapa ndipo zulia linapoharibika. Ukivuta kamba, hata kidogo, kila mzunguko unakuwa mfupi kuliko unavyotakiwa na kingo zinanyanyuka. La kwanza nililoshona liliinuka kama ungo, nikalazimika kufumua zaidi ya nusu, kwa sababu nililiacha lining'inie nje ya meza na uzito wake ukawa unavuta. Sasa huweka kiti chenye mto, kimo sawa na meza, na kila baada ya mizunguko mitatu hulilaza sakafuni kulikagua.

Mwishoni kata kamba kwa mshazari, ifunike, uifiche upande wa chini na urudie mshono mara mbili.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, cherehani yangu ya kukanyaga hushona mshono ulionyooka tu. Nifanyeje?

Shona kwa mkono, dada yangu, kwa sindano nene na uzi uliokunjwa mara mbili, ukipitisha kwenye kingo za kamba zinazopakana kila baada ya sentimita moja. Itachukua siku kadhaa, lakini mshono huo unashika vizuri sana.

Langu lina mawimbi pembeni, ingawa sikuvuta kamba.

Basi uliisukuma, nayo ikazidi urefu. Mawimbi madogo hulala kwa pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu. Makubwa yafumue hadi pale yalipoanzia.

Wakati wa masika langu hutoa harufu. Nilifueje?

Pamba nene hukaa na maji muda mrefu. Lifue asubuhi ya siku yenye jua, ulikamue kwa kulibana ndani ya taulo, kisha ulilaze juu ya kichanja hewa ipite chini, ukiligeuza mchana. Usilianike kwenye kamba, kwani uzito wa maji utalivuta na duara litaharibika.