Namna ya kuandika historia ya babu: ukoo, kazi na uwanja wa mpira

Katika misiba mingi ya hapa Dodoma, historia fupi ya marehemu huandikwa usiku wa kuamkia maziko na mjukuu mwenye mwandiko mzuri, huku wazee waliokaa kwenye mkeka wakibishana juu ya mwaka wa kuzaliwa. Kinachosomwa kesho yake ni shule, mwajiri, idadi ya watoto na maradhi yaliyomwondoa. Mzee aliyeishi zaidi ya miaka themanini anastahili kuelezwa vizuri kuliko hivyo, na njia ya uhakika ni kuanza angali hai, kwa kumuuliza mwenyewe. Nashauri pia jambo ambalo familia nyingi hulipuuza: mchezo alioucheza uwekwe katikati ya historia yake, si pembeni. Ukoo alizaliwa nao, na kazi aliitafuta ili watoto wale. Lakini mpira, riadha au ngumi za ridhaa alivichagua mwenyewe, bila malipo, na humo ndimo tabia yake inapoonekana wazi.

Anayefaa kuuliza ni mjukuu. Kati ya babu na mjukuu kuna utani, hivyo swali ambalo lingekuwa utovu wa adabu kwa mtoto wa kumzaa, kama vile namna alivyomposa bibi na ng'ombe wa mahari walikotoka, huzua kicheko na jibu refu likitoka kwa mjukuu. Mwamkie shikamoo, au mbukwenyi kama ni nyumba ya Wagogo, kisha keti naye asubuhi akiwa hajachoka. Weka simu inayorekodi karibu naye, taja tarehe, mahali na majina ya waliopo, halafu mwache aseme. Akihamia Kigogo au Kirangi katikati ya habari usimkatize, kwa kuwa tafsiri inaweza kufanywa baadaye na maneno yake mwenyewe hayatapatikana tena.

Usimbane kwa kumuuliza mwaka. Wazee wengi hupima muda kwa matukio, nawe ukiyafahamu utaipata tarehe bila kumchosha. Muulize kama alikuwa ameshaoa Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, kama mtoto wa kwanza alikuwa ameanza kutembea wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967, alikuwa wapi ilipoamuliwa mwaka 1973 kwamba Dodoma iwe makao makuu, na nani wa ukoo alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Kwa habari za kabla yake, uliza wazazi wake walisimulia nini juu ya Mtunya, njaa kubwa iliyoipiga Ugogo baada ya mwaka 1917, na kama baba yake alifanya kibarua katika mashamba ya karanga ya Kongwa yaliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1947.

Mahali pa kuzaliwa panahitaji uangalifu wa pekee katika mkoa huu. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilihamisha watu wengi kuingia vijiji vya pamoja, kwa hiyo kijiji kilichoandikwa kwenye kitambulisho chake huenda si pale kitovu chake kilipozikwa. Kama miguu yake inaruhusu, mpelekeni kwenye mahame akawaonyeshe palipokuwa na tembe, zizi na makaburi, mkiwa na simu ya kurekodi. Majina ya shule na ofisi nayo yamebadilika: babu akisema alisoma Alliance ya Dodoma, hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Mazengo, na majengo yake yako leo katika Chuo Kikuu cha St John's.

Kuhusu kazi, karatasi zitakusaidia kuliko kumbukumbu. Omba kuona barua ya ajira, kadi ya NPF, mfuko uliotangulia NSSF, na barua ya kustaafu. Mfanyakazi wa reli wa zamani hizo anaweza kuwa na nyaraka za waajiri wawili ilhali hakuwahi kuhama kituo, kwa sababu Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977 na nafasi yake hapa nchini ikachukuliwa na Shirika la Reli Tanzania. Ukishapata vyeo na miaka, uliza siku ya kawaida ya kazi ilivyokuwa, maana hilo karatasi haisemi.

Sasa njoo kwenye mchezo, na hapa usiwe na haraka. Soka la mchangani halikuandikwa sana magazetini, hivyo ushahidi uko vichwani mwa wenzake na katika picha moja au mbili za timu. Ichukue picha hiyo, ipige upya kwa simu kivulini ili isiwe na mwako wa jua, ikuze, kisha mpitishe babu mstari kwa mstari: waliosimama nyuma, waliochuchumaa mbele, kipa aliyeshika mpira, waliovaa njumu na walio pekupeku. Muulize kila mmoja alicheza namba ngapi na alifanya kazi wapi, jezi zilinunuliwa na nani, waliendaje Kongwa au Manyoni kucheza, na walikula nini njiani. Akisema alikuwa namba sita, mwache aeleze kwa nini kocha alimweka hapo, kwani katika maelezo hayo utasikia kama alikuwa mtu wa kutuliza wenzake au wa kuwafokea.

Muulize pia kama alishiriki SHIMIWI kwa watumishi wa wizara na idara za serikali, au SHIMUTA kwa mashirika ya umma, kwa sababu vyeti vya mashindano hayo mara nyingi hubaki sandukuni. Kama alikuwa mkimbiaji, mkumbushe Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 kule Christchurch, halafu umuulize ni nani kijijini walianza kukimbia kwa sababu hiyo. Mtafute angalau mchezaji mwenzake mmoja aliye hai na umsikilize peke yake; hadithi zao zikitofautiana, andika zote mbili na useme ipi ni ya nani.

Yapo mambo machungu: mtoto aliyefariki mdogo, ndoa iliyovunjika, shamba lililogombaniwa. Muulize babu mwenyewe lipi liandikwe, na ukubali jibu lake.

Ukimaliza rasimu, msomee kwa sauti mbele ya bibi, kwa kuwa bibi ndiye atakayejua ni Jumapili zipi babu alirudi na goti lililovimba na nani alilikanda. Sahihisha, kisha toa matoleo mawili: refu kwa ajili ya ukoo, na lingine la kurasa mbili linaloweza kusomwa hadharani siku itakapohitajika. Andika majina nyuma ya picha kwa penseli, wala si kalamu ya wino inayopenya karatasi, na mpe nakala shangazi mmoja anayeishi nyumba tofauti na ile yenye sanduku la babu.