Somo: Kupanga aina za maumbo kwenye faili ya CAD (uchoraji kwa kompyuta) unayoitunga mwenyewe

Wakuu, somo hili ni la wanaoandika programu za kuchora mageti, madirisha au vipande vya kukatwa kwa CNC (mashine inayoongozwa na kompyuta), na sasa wanajiuliza mchoro uhifadhiwe vipi. Nitalinganisha na DXF, aina ya faili ya kubadilishana michoro ya kampuni ya Autodesk, iliyoanza pamoja na programu yao ya kuchora, AutoCAD ya kwanza, mwaka 1982. Kanuni yangu ni moja: hifadhi namba chache zinazotosha kulijenga umbo, basi. Namba ya ziada siku moja itapingana na zenzake.

Hatua ya 1: kizio. Kiandikwe juu kabisa ya faili: `kizio mm`. Bila hivyo 900 inaweza kuwa milimita au inchi, na tofauti yake ni mara 25.4.

Hatua ya 2: aina ziwe chache. Mimi ningeanza na tatu: NUKTA, NJIA (ncha zilizounganishwa kwa mistari au matao) na DUARA. Mstari ni NJIA yenye ncha mbili, hauhitaji aina yake. Duara nalitenga kwa sababu tao linaloanzia nyuzi 0 na kuishia nyuzi 0 halijulikani kama ni duara zima au si kitu.

Hatua ya 3: tao. Hapa ndipo penye kazi. Njia ya kwanza ni ya ARC, yaani tao la DXF, ambako kila thamani hutanguliwa na namba ya msimbo inayoitambulisha: kitovu (misimbo 10 na 20), nusu kipenyo (40), pembe ya kuanzia na ya kuishia (50 na 51), kinyume na mwendo wa saa. Inasomeka vizuri, ila ncha za tao hazimo kwenye faili, zinakokotolewa. Ukikata pembe kwenye desimali mbili, kosa linaweza kufika nyuzi 0.005. Kwenye nusu kipenyo cha mm 2000 hiyo ni karibu mm 0.17. Kwa jicho huioni, lakini programu ya kukata inaweza kukwambia njia haijafungwa.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendekeza: hifadhi ncha zenyewe, kisha namba moja ya mbinuko. LWPOLYLINE ya DXF, ambayo ndiyo NJIA yao, huiweka kwenye msimbo 42. Kwa hesabu ni tanjenti ya robo ya pembe ya tao. Kwa futi ya fundi ni kimo cha tao ukigawa kwa nusu ya upana wake. Sifuri ni mstari ulionyooka, 1 ni nusu duara, na alama ya kutoa inageuza mwelekeo.

Chukua mlango wa upana 900, tao linaanzia kimo cha 2000 na kupanda 150 zaidi. Mbinuko ni 150 ÷ 450. Kila mstari wa ncha una x, y, kisha mbinuko wa kipande kinachokwenda ncha inayofuata; leya ni tabaka la mchoro:

```
NJIA
leya fremu
funga ndiyo
ncha 0 0 0
ncha 900 0 0
ncha 900 2000 0.333333
ncha 0 2000 0
MWISHO
```

Fundi hakupima kitovu wala nusu kipenyo (ni 750, ukitaka kuhakiki). Alipima upana na kimo, na faili imebeba vilevile. Ukihamisha, kuzungusha au kukuza mchoro sawasawa pande zote, mbinuko haubadiliki. Ukiupindua kama kwenye kioo, geuza alama tu.

Nimetenganisha namba kwa nafasi makusudi. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa, kama nyingi za Kongo na Burundi, huonyesha desimali kwa mkato, na mkato ukiwa pia kitenganishi utavuna vurugu. Kwenye msimbo wa programu yako lazimisha desimali iandikwe kwa nukta.

Hatua ya 4: aina usiyoijua. Kila umbo liishie na MWISHO, ili programu ya zamani ikikutana na aina mpya iruke na kuendelea.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mstatili je? Wateja wangu wanachora mistatili tu.*
Kitufe kiwepo kwenye programu, ndani ya faili iwe NJIA ya ncha nne. Ukiuhifadhi kwa upana na kimo, siku mteja akiuzungusha nyuzi 30 utaongeza uga wa pembe, akivuta kona moja huna pa kuandika.

*Nikivuta mchoro upande mmoja tu, tao linakuwaje?*
Linakuwa kipande cha duaradufu, na mbinuko hauwezi kukibeba. Ama ongeza aina ya DUARADUFU, ama ligawe kuwa mistari mifupi na umwambie mtumiaji umefanya hivyo. Ukiiga ELLIPSE (duaradufu) ya DXF kuwa makini: mwanzo na mwisho wake viko kwa radiani, wakati ARC hutumia nyuzi.

*Kaka, si tutumie DXF yenyewe yaishe?*
Kwa kupeleka mchoro kwenye mashine, ndiyo, toa DXF. Kwa kuhifadhi kazi ya programu yako, bado utataka kuweka aina ya bomba, unene wa bati na bei, na DXF haina mahali pa kawaida pa vitu hivyo. Mimi huweka zote mbili, na DXF huizalisha upya kila ninapohifadhi.